Samaki Mkunje Angali Mbichi: Mwongozo wa Kumgeuza Sato Jike Awe Dume

Tuanze kwa kumtambua adui. Si kenge anayenyemelea kingo za bwawa, si mdiria anayejitupa majini kutoka mtini, wala si jirani anayekuja na neti usiku wa manane. Hao wote wakiungana hawawezi kukutia umaskini kama sato jike mwenye afya njema aliyempata mume. Bwawa lenye majike na madume ni harusi isiyokwisha, na gharama zote za karamu unalipa wewe, kwa pumba na kwa dagaa.

Hesabu yake iko hivi. Mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa kwa fedha za kuchochea uchumi, kipimo kilikuwa bwawa la mita za mraba 300 na vifaranga 1,000 ndani yake. Chukua bwawa kama hilo. Ukipanda vifaranga 1,000 vya kuokoteza, karibu 500 ni majike. Sato wa ziwani hana haraka ya kukomaa, lakini akibanwa bwawani huanza kutaga akiwa na miezi michache tu na uzito wa gramu 30 au 40, yaani hajatosha hata kupewa mtoto wa shule. Kila jike akitoa vifaranga 100, na hicho ni kiasi cha wastani kwa samaki mdogo, umeletewa midomo 50,000 ambayo hukuialika. Wiki chache baadaye wanarudia. Chakula ulichopanga kwa samaki 1,000 sasa kinagombewa na kijiji kizima, na hakuna anayekua.

Halafu kuna suala la nani anabeba mzigo wa malezi. Sato hulelea mdomoni. Jike akishataga na mayai kurutubishwa, huyaokota yote, hufunga kinywa, na hapo ndipo njaa yake inapoanza: siku 10, wakati mwingine wiki mbili, halii wala hanenepi. Akimaliza kulea anakula kidogo, anajaza mayai mengine, anafunga tena. Dume kazi yake ni kuchimba kiota kwenye tope, kukilinda kwa ubabe, na kula. Kwa hiyo dume hukua haraka zaidi, na siku ya kuvua tofauti inaonekana kwa macho. Mama muuza samaki wa kukaanga anataka samaki anayejaza sahani. Ukimpelekea ndoo ya samaki wa ukubwa wa kidole atakuuliza kama umekuja kuuza au kuomba msaada.

Ndiyo maana wafugaji wanataka bwawa la madume watupu, na njia iliyotapakaa duniani ni kuwalisha vifaranga homoni ya kiume mwanzoni mwa maisha yao ili walioanza safari kama majike wamalizie kama madume. Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayetaka kuzalisha vifaranga hivyo, na anayekwenda kuvinunua. Kama wewe si yeyote kati yao lakini unapenda samaki, soma pia. Sahani ni yako.

Wahi kabla hajajijua

Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanatuusia malezi ya watoto. Kwa sato, usia huo ni sayansi kamili.

Kifaranga kinapotoka kwenye yai tayari kina urithi wake: kromosomu XX kama ni cha kike, XY kama ni cha kiume. Lakini tezi yake ya uzazi bado haijaanza kazi. Ni uzi mwembamba wa chembe hai chini ya uti wa mgongo, na kwa siku chache za mwanzo uzi huo unaweza kuwa ovari au korodani. Katika mwili wa XX, kimeng'enya kiitwacho aromatesi huamka na kuanza kugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo inayojenga ovari. Ukiingiza homoni ya kiume kabla ujenzi huo haujapamba moto, tezi hushika njia nyingine na kujenga korodani. Ikishajengwa imejengwa. Ukiacha kumpa homoni, samaki anabaki dume maisha yake yote: mbegu zake hurutubisha mayai, rangi zake ni za dume, na ugomvi wake vilevile.

Mjapani Tokio Yamamoto ndiye aliyeonyesha, mwaka 1953, kwamba jinsia ya samaki inaweza kugeuzwa kabisa kwa homoni. Yeye alitumia samaki mdogo wa mashamba ya mpunga, medaka. Mwaka 1968 Clemens na Inslee wa Marekani wakachapisha jinsi walivyopata perege, ndugu wa sato, madume watupu kwa homoni ya kiume iitwayo methilitestosteroni, na mwaka 1975 Rafael Guerrero kutoka Ufilipino akachapisha kazi yake kuhusu perege wa aina nyingine. Mbinu inayotumika leo vitotoleshini, kuanzia Thailand hadi Misri hadi kando ya Ziwa Victoria, ni mtoto wa kazi hizo.

Yote hayo yanasimama juu ya jambo moja: umri. Homoni inatakiwa ianze pale kifaranga kinapomaliza kiini chake na kutafuta chakula kwa mara ya kwanza, kikiwa na urefu wa milimita 9 hadi 11. Kikivuka milimita 14 umeshachelewa. Anayekusanya vifaranga vya wiki tatu, nne, akavichanganya na vya jana, kisha akavilisha vyote dawa moja, hajageuza kitu. Amemnufaisha aliyemwuzia dawa.

Kuwapata wakiwa wachanga

Weka wazazi kwenye kizimba kidogo cha neti ndani ya bwawa, dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Usizidishe madume, watapigana hadi wachubuane, na majike watapigwa kwa kosa la kuwa karibu. Baada ya siku 10 hadi 14 inua neti taratibu upande mmoja, wakusanye wazazi pembeni, na uanze kuwakagua mmoja mmoja.

Mkono uwe umelowa. Mshike jike kichwa kikielekea chini, juu ya beseni lenye maji ya bwawa, na kwa ncha ya kidole gumba shusha taya lake la chini. Mdomo ukifunguka, mwaga maji kidogo ndani na mayai yatadondoka. Yaliyotagwa juzi ni ya manjano na hayana alama. Yaliyokaa siku mbili tatu zaidi yana nukta mbili nyeusi, na ukitazama kwa makini nukta hizo zinakutazama pia, kwa kuwa ni macho. Ya zamani zaidi yameshapata mikia na yanatetemeka chini ya beseni. Kuna jike atakayetema vifaranga kamili, vinavyoogelea vikiwa bado na kitumbo cha njano. Hao ungewaacha bwawani na mama yao, wangekuwa wanazunguka mbele ya pua yake, na wakishtuka kidogo tu wanarudi wote kinywani.

Tenganisha kwa umri palepale, beseni kwa beseni. Mayai yanaingia kwenye chupa za kutotolea, ambamo maji hupanda kutoka chini na kuyazungusha polepole bila kupumzika, kwa kuwa ndivyo mama alivyokuwa akiyachezesha kinywani ili yasishikwe na ukungu. Kwenye maji ya nyuzi 28 mayai huanguliwa ndani ya siku 4 au 5 tangu kutagwa, kisha kifaranga huishi kwa kiini chake siku kadhaa zaidi. Siku kinapoinuka kutoka chini na kuogelea kuelekea juu, chakula chako chenye homoni kiwe tayari.

Asiye na chupa za kutotolea asikate tamaa. Vifaranga vilivyoachwa na mama hukusanyika kwenye kingo za bwawa asubuhi, makundi kwa makundi, na unaweza kuvichota kwa chandarua laini. Kinachotakiwa ni kuvipitisha kwenye chujio lenye matundu ya milimita 3.2. Vinavyopenya ni vidogo vya kutosha. Vinavyobaki juu ya chujio ni vikubwa mno, na hapa ndipo uaminifu wa mtu unapopimwa, maana vinavyobaki huwa ni vingi, vinapendeza, na vina nguvu. Vitoe. Viuze kama vifaranga mchanganyiko, kwa jina hilo na kwa bei hiyo.

Miligramu 60, si kijiko

Kipimo ni miligramu 60 za methilitestosteroni kwa kilo moja ya chakula. Si kijiko, si kifuniko cha chupa, si "kiasi tu, ndugu yangu, mimi nimezoea". Miligramu 60 ni unga mdogo kiasi kwamba mizani ya dukani haiuoni kabisa. Kwa hiyo wataalamu huandaa maji mama: gramu 6 za homoni huyeyushwa katika lita moja ya alkoholi ya asilimia 95. Kila mililita 10 za maji mama hayo zina miligramu 60, dozi ya kilo moja. Unazipima kwa bomba la sindano, unaziongeza alkoholi nyingine ili zitoshe kulowanisha kilo nzima, unanyunyiza huku unachanganya hadi kila punje ipate haki yake.

Chakula chenyewe kiwe laini kama poda na kiwe na proteini nyingi, zaidi ya asilimia 40. Dagaa waliosagwa na kuchekechwa vizuri ndio msingi wake katika nchi zetu. Kikishalowa, kitandaze kivulini, penye hewa, hadi harufu ya alkoholi iishe. Jua huiua homoni. Moto nao ni hatari mara mbili: unaharibu dawa, na mvuke wa alkoholi juu ya jiko la mkaa unaweza kukuharibu wewe. Kikikauka, kifunge na ukiweke kwenye friji, mbali na chakula cha binadamu, kikiwa na maandishi makubwa yanayosomeka hata na mgeni aliyekuja kutafuta maji ya kunywa.

Yuko mtu atakayekushauri uzidishe ili "madume yatoke madume kweli". Mkatalie. Dozi kubwa kupita kiasi hudumaza, huharibu uzazi, na imewahi kuonekana ikileta majike, kwa sababu mwili wa samaki hugeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa aina ya estrojeni. Mwingine atakuambia usage vidonge vya uzazi wa mpango. Huyo mkatalie kwa sauti kubwa zaidi: vingi vya vidonge hivyo vina estrojeni, na utakuwa unasukuma samaki kuelekea upande uleule unaoukimbia.

Na sasa jambo ambalo sitalipunguza uzito. Unga wa methilitestosteroni ni dawa yenye nguvu kwa binadamu. Mwanamke mjamzito asiushike, asichanganye chakula hicho, asikae chumba kinachochanganyiwa, kwa sababu homoni hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Wengine wote wavae glovu na barakoa na nguo za mikono mirefu. Nimeona kijana wa kitotoleshi akichanganya chakula cha homoni kwa mikono mitupu, akapangusa jasho usoni, akaendelea. Mwajiri wake alikuwa pembeni anajisifu kuhusu ubora wa vifaranga. Ubora wa aina hiyo hauna heshima yoyote. Kama huwezi kumnunulia kijana wako glovu, huna biashara ya homoni, fuga sungura. Na kabla hujaagiza hata gramu moja, nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya yako ujue kibali kinachotakiwa.

Siku 28 bila Jumapili

Lisha kwa siku 21 hadi 28, mara nne kwa siku au zaidi. Watu wengi wanaoshindwa hawashindwi kwenye kemia. Wanashindwa kwenye Jumapili. Kifaranga cha milimita 10 hakijui sikukuu. Ukienda kwenye harusi ya binamu ukaacha maagizo kwa mlinzi, naye akaacha maagizo kwa mtoto wake, vifaranga vitakula mwani wa kwenye neti na ovari zitajengwa kwa amani.

Mwanzoni kiasi cha chakula kwa siku ni karibu asilimia 20 ya uzito wao wote, kisha kinashuka kadiri wanavyokua. Kwenye vizimba vya neti vitotoleshi huweka vifaranga 3,000 hadi 4,000 kwa mita moja ya mraba. Msongamano huo unasaidia, kwa kuwa chakula cha asili hakiwatoshi na wote wanalazimika kuja kula cha kwako. Safisha neti, la sivyo inaziba na maji hayapiti. Maji yawe na joto la nyuzi 26 hadi 28. Walioko Njombe au Limuru wafikirie sana kuhusu hili: kwenye baridi kifaranga kinakua polepole, hakili vizuri, na siku 28 za kalenda zinakuwa chache kwa mwili wake.

Maji yanayotoka mahali vifaranga vinapolishiwa homoni yasielekezwe kwenye kijito. Yapitishe kwenye shimo la kokoto na mimea, yakae humo, vijidudu viyafanyie kazi. Sehemu ya homoni huishia kwenye mabaki ya chakula na tope la chini, kwa hiyo hata tope hilo lisitupwe mtoni. Chini ya mto wapo samaki wengine ambao hawakuomba kugeuzwa, na yupo mama anayechota maji.

Kuhusu sahani yako

Mlaji anaogopa, na hofu yake inastahili jibu la hesabu, si dharau. Tuseme kifaranga kimekula nusu gramu ya chakula chenye homoni katika mwezi ule wa kwanza. Nusu gramu ya chakula chenye miligramu 60 kwa kilo ina miligramu 0.03 za homoni, na hizo zimegawanywa kwa siku 28. Majaribio ya kufuatilia homoni mwilini yameonyesha kwamba sehemu kubwa hutoka ndani ya siku chache baada ya kuacha kulishwa. Kisha samaki huyo anakaa bwawani miezi sita au zaidi, anakula chakula cha kawaida, anaongezeka kutoka chini ya gramu moja hadi gramu 300. Hadithi za wanaume wanaoota matiti kwa kula sato wa bwawani hazina mguu wa kusimamia.

Sheria za Umoja wa Ulaya, ambazo ni kali sana kuhusu homoni kwenye nyama, zinaruhusu samaki wachanga wapewe dawa ya aina hii kwa ajili ya kugeuza jinsia katika miezi yao mitatu ya kwanza, chini ya udhibiti wa daktari wa mifugo. Marekani imekuwa ikiiruhusu ndani ya utaratibu maalumu wa uchunguzi, penye usajili na rekodi. Kote huko mlaji hulindwa na muda kati ya dozi na mauzo. Anayewalisha homoni samaki wakubwa ili "wanenepe kabla ya Krismasi" anavunja ulinzi huo, na mtu huyo anastahili kushtakiwa.

Usimwoze dume huyu

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mfugaji amenunua vifaranga vizuri, amevuna madume makubwa, anafurahi, anawachagua wale wanene kuliko wote na kusema: hawa watakuwa wazazi wangu msimu ujao. Subiri.

Kwenye bwawa hilo karibu nusu ya madume ni XY, waliozaliwa hivyo. Nusu nyingine ni XX, majike kwa urithi waliojengewa korodani. Kwa macho hakuna awezaye kuwatofautisha. Homoni ilibadilisha tezi, haikugusa kromosomu hata moja. Dume wa XX akikutana na jike wa XX, watoto wao wote wanapata X kwa baba na X kwa mama, na takribani wote watakuwa mabinti. Umetumia homoni, fedha na mwezi mzima wa kukosa usingizi ili kupata kiwanda cha majike.

Samaki waliogeuzwa ni wa kuliwa. Wazazi watoke kwenye ukoo ambao haujawahi kuonja homoni, unaotunzwa kwenye bwawa lake, lenye uzio wake na daftari lake. Na usijidanganye kwamba madume hawa ni tasa. Kizimba kikichanika ziwani, dume aliyegeuzwa atapata mke. Sato hawa tunaowafuga, sato wa Nile, hawana asili ya Ziwa Victoria. Waliletwa miaka ya 1950, na ngege wa asili wa ziwa hilo hawajapata nafuu tangu hapo. Tanzania ina aina nyingi za perege wa mito na maziwa yake, na sato wa Nile huzaliana nao na kuchafua koo zao. Bwawa lako likifurika kuelekea mto wenye perege wa asili, umewaharibia watu ambao hawajazaliwa.

Kwa asiyetaka homoni

Njia zipo, na moja inaanzia kwetu. Mwaka 1960 Hickling, aliyekuwa akifanya utafiti kule Malacca, alichapisha habari za kushangaza: alichukua madume wa perege waliopelekwa huko kutoka Zanzibar, akawapandisha kwa majike wa perege wa Msumbiji, na watoto wote wakawa madume. Baadaye ilijulikana kwamba samaki wa Zanzibar walikuwa aina ya peke yake, ambayo asili yake ni Mto Wami. Perege wa Wami, wanaovuliwa na watoto kwa ndoana za pini, waliufundisha ulimwengu kwamba bwawa la madume watupu linawezekana bila tone la homoni. Ugumu wake ni usafi wa koo: wazazi wakichanganyika mara moja tu, majike wanarudi. Inaumiza kwamba watu wa Morogoro na Pwani wananunua vifaranga vya mbali bila kujua historia ya samaki wanaopita chini ya daraja lao.

Njia nyingine hutumia homoni kwa mababu tu. Mtaalamu huwageuza madume wa XY kuwa majike kwa estrojeni, huwapandisha kwa madume wa kawaida, na robo ya watoto wanakuwa YY. Dume wa YY akimpata jike wa XX, watoto wote ni XY, madume kwa kuzaliwa, na samaki anayefika sokoni hajawahi kuonja dawa. Watafiti wa Wales na Ufilipino waliifikisha mbinu hii hadi kwa wafugaji miaka ya 1990. Inataka miaka na mabwawa mengi ya majaribio, kwa hiyo ni kazi ya vituo vya serikali kama Sagana cha Kenya, Kajjansi cha Uganda na Kingolwira cha Tanzania. Hiyo ndiyo kazi ningependa kodi yangu ifanye.

Kwa mwenye bwawa moja la nyumbani, mikono miwili inatosha. Walee vifaranga mchanganyiko hadi wafike gramu 30 hadi 50. Mlowanishe samaki, mlaze chali kwenye kiganja, futa nyuma ya tundu la haja, kisha paka wino kidogo kwa ncha ya kijiti. Hapo patakuwa na kichuchu kidogo cha nyama. Kwa dume kimechongoka na kina tundu moja kwenye ncha. Kwa jike ni kifupi, kimeviringana, na wino utaingia kwenye mpasuko wa kukingama katikati yake, njia ya mayai, mbali na tundu dogo la mkojo. Jumlisha tundu la haja: dume ana mawili, jike ana matatu. Mwanzoni utakosea. Mpe kazi hiyo mtu mmoja mwenye macho mazuri na asiyependa maongezi, mweke kivulini, na majike wote uwapeleke jikoni au kwa kuku.

Unapokwenda kununua

Vifaranga vya mwezi mmoja huwezi kuvitambua jinsia kwa macho, wala muuzaji hawezi. Akikuambia vyote ni madume, mwulize amejuaje. Akijibu kwamba ameviangalia, rudisha pesa mfukoni.

Kitotoleshi cha kweli hubakiza sampuli ya kila kundi, hulea samaki hao miezi miwili au mitatu, kisha huwapasua 100, hutoa tezi, huiponda kwenye kioo pamoja na rangi nyekundu na kuitazama kwa hadubini. Ovari changa huonekana kama duara duara zilizobanana. Korodani ni chembe ndogo ndogo zisizo na duara. Matokeo huandikwa. Kwa hiyo huwezi kuomba matokeo ya vifaranga unavyonunua leo, lakini unaweza, na lazima, uombe ya makundi yaliyotangulia, pamoja na tarehe dozi ilipoanza, ilipoisha, na ukubwa wa vifaranga siku ya kwanza. Asilimia 95 za madume ni kazi nzuri. Hata hivyo asilimia 5 iliyobaki, kwenye bwawa la samaki 1,000, ni majike 50, na unakumbuka hesabu yetu: vifaranga 5,000 kwa mzao mmoja. Weka kambare wachache wa kuvila, ukihakikisha sato wako wameshakuwa wakubwa kuliko mdomo wa kambare.

Vitotoleshi viandike rekodi hizo kwenye karatasi na kuziambatisha kwenye kila mfuko wa vifaranga, na maafisa uvuvi wapite kuzihakiki bila kutoa taarifa. Nawe mnunuzi, hata kama umesafiri kwa bodaboda asubuhi nzima na mifuko yako imeshajazwa oksijeni, usilipe kabla hujaisoma karatasi hiyo.